Hieratiki Si Hati ya Makuhani

Wapo wahakiki ambao, wakishajua asili ya neno, hudhani wamekwisha kulijua jambo lenyewe. Kosa hili hudhihirika katika istilahi hieratiki. Kwa kuwa imetokana na neno la Kiyunani hiereus, yaani kuhani, wao huitafsiri kuwa "hati ya kikuhani", kisha huhitimisha kwamba uandishi wa Misri ya kale ulikuwa milki ya hekalu, na kwamba fasihi andishi kongwe zaidi barani Afrika haikuwa ila sauti ya madhabahu.

Hoja hii haina mashiko. Jina hilo si la Wamisri bali la Wayunani. Klementi wa Aleksandria alilitumia takriban mwaka wa 200 B.K., hati yenyewe ikiwa na umri wa karibu miaka 3,000. Demotiki, iliyozuka katika karne ya 7 K.K., ilikuwa imekwisha kuiondoa katika shughuli za kila siku, na hieratiki ikabakia hasa katika matini za dini. Jina basi lausawiri uzee wa hati, si maisha yake.

Hieratiki ilikuwa mwandiko wa haraka, wa wino juu ya mafunjo na vigae. Kwayo makarani waliandika barua, hesabu, kesi na tiba. Kwayo ilihifadhiwa hadithi ya Sinuhe, na ile ya mkulima aliyeporwa mali yake akaidai haki kwa ufasaha mbele ya mkubwa wa serikali. Kwayo pia yaliandikwa, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, malalamiko ya mafundi wa makaburi ya wafalme waliogoma kwa kucheleweshewa posho ya nafaka. Mafundi hao waliketi nyuma ya hekalu wakilia njaa. Je, hiyo ni sauti ya madhabahu?

Watetezi wa tafsiri hiyo humtaja Northrop Frye, aliyeita awamu moja ya lugha "hieratiki" katika The Great Code (1982). Frye ana haki ya kuazima istilahi kwa kusudi lake. Lakini istilahi iliyoazimwa haiwi ushahidi wa historia ya mahali ilikotoka.

Ikiwa Kiswahili chahitaji tafsiri, na iwe "hati ya makarani". Anayeshikilia "ya kikuhani" humnyang'anya mkulima yule mali yake mara ya pili.