Mwizi wa simu havuki kwa pasiporti

Wasikilizaji, mwezi wa 8 mwaka 2025 Interpol ilitangaza: polisi wa inchi 18 za Afrika, pamoja na Uingereza, walikamata watu 1,209 wanaoiba kwa njia ya intaneti. Kongo yetu ilikuwamo. Kwa jirani zetu Zambia, ngambo ya Kasumbalesa, watu 65,000 walidanganywa kwamba feza zao zitazaa faida kubwa. Zilipotea karibu dola milioni 300.

Kazi nzuri, sibishi. Lakini jamaa iliyokimbia vita inangojea dola 20 kutoka kwa ndugu. Ujumbe wa uongo unaingia, wanatoa namba ya siri, feza zimekwenda. Washitaki wapi? Polisi na kampuni za simu watutangazie mahali hapa Lubumbashi, bila malipo. Redio iko tayari kusoma anwani hiyo asubuhi na jioni.