Mimba ikitoka, acheni kutafuta mchawi

Nikipost chochote kuhusu mimba kutoka, komenti huwa za aina mbili. Kuna wale wa "amerogwa, ulizeni mke mwenza." Na kuna wale wa "si aende tu kemisti adungwe ile ya kushikilia mimba." Watu wangu wa Kisii na Nyamira, nyote mmepotea njia.

Hebu tuongee facts. Projesteroni ni homoni ambayo mwili wenyewe hutengeneza ili mimba ikae. Uingereza waliifanyia utafiti unaoitwa PRISM, ukatoka 2019. Wanawake 4,153 waliokuwa wanatokwa na damu mimba ikiwa changa. Nusu wakapewa projesteroni, nusu dawa bandia. Kwa jumla, 75 kwa kila 100 walipata mtoto hai, na wale wa dawa bandia 72. Tofauti ndogo sana. Lakini kwa waliokuwa wamepoteza mimba 3 au zaidi, ilikuwa 72 dhidi ya 57. Hiyo si mchezo! Hao ni watoto 15 zaidi kwa kila mama 100.

Kwa hivyo dawa haisaidii kila mtu. Inasaidia mama anayetokwa na damu na ashawahi kupoteza mimba. Ndiye yule yule mnayemwita mkosi.

Na wewe wa kemisti, unauza bila skani? Damu inaweza kuwa dalili ya mimba iliyo nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua. Homoni haiwezi kuihamisha. Tena historia ipo: Marekani wajawazito walipewa homoni ya DES miaka na miaka ati izuie mimba kutoka. 1971 ikagundulika mabinti waliozaliwa wanapata saratani. Homoni si peremende.

Mimba nyingi zinazotoka mapema, shida huwa ni kromosomu. Hakuna dawa ingeziokoa, na hakuna mama mkwe aliyeziroga.

Sasa wewe bwana wa Keroka, pesa ya mganga unapata, nauli ya kumpeleka bibi hospitali unakosa? Damu ikionekana, mpeleke siku hiyo hiyo. Apigwe skani. Mwambie daktari amepoteza mimba ngapi, kisha uliza: projesteroni itamfaa?

Swali moja tu. Ni bei rahisi kuliko mbuzi wa mganga.