Msuli Bila Mkutubi ni Jasho la Bure

Leo nawageukia nyie wa chuo, nyie mnaokesha kwenye vimbweta mkipiga msuli mpaka macho yanakuwa mekundu kama mmetoka msibani.

Swali dogo tu: mkutubi wa chuo chako unamjua jina? Sio sura, jina. Kimya, eti? Mama ntilie unamjua jina, jamaa wa fotokopi unamjua mpaka na mtoto wake wa kwanza. Lakini yule dada wa maktaba, kwako ni mtu wa kusema "shiii!" na kukudai faini basi.

Sasa sikia hasara yake. Uko mwaka wa mwisho, unaandika tasnifu. Supavaiza anakurudishia karatasi zimejaa wino mwekundu: makala ulizotumia za kizamani, lete mpya. Unaingia kwenye intaneti, unaikuta makala yenyewe hasa. Ukibonyeza, inakuambia lipa dola 30 na ushee. Kwa bumu lipi? Hapo ndipo watu wanaanza kudesa kazi ya kaka wa mwaka jana, na wengine wanamlipa jamaa wa steshenari awaandikie. Ukidakwa unadisko, na mzee kijijini ng'ombe alishauza.

Kumbe bwana, makala ile ile pengine ungeipata bure! Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari kwa majarida ya afya. Mwaka 2003 ukafuata Agora wa kilimo, chini ya FAO. Leo mipango hiyo na mingine iko chini ya jina moja, Research4Life, na vyuo vya nchi kama Tanzania vinaandikishwa bila kulipa hata senti. Tena maktaba za vyuo vikuu na vituo vya utafiti hapa nchini zina umoja wao, COTUL, wa kupata majarida ya kulipia kwa pamoja.

Ila kuna kitu hapo. Kinachoandikishwa ni chuo, sio wewe. Njia ya kuingilia iko maktaba. Yaani ufunguo anao dada yule yule unayempita kila siku bila hata salamu.

Na nyie wakutubi msicheke, zamu yenu imefika. Mlimani walifungua maktaba mpya mwaka 2018, inabeba vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Jengo la kujivunia! Lakini jengo halina miguu ya kumfuata mwanafunzi kwenye kimbweta. Miguu mnayo nyie. Ombeni dakika kumi kwenye lekcha ya wiki ya kwanza. Kila kitivo kipewe mkutubi wake, ajulikane kwa jina na simu. Kila Jumatatu tumeni ujumbe mfupi kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa: kitabu gani kimeingia, jarida gani limefunguliwa, unaingiaje. Mmoja akiuliza, jibuni hapo hapo wote waone.

Hilo sio jambo geni. S. R. Ranganathan wa India alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kukabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwaka 1931 akatoa kanuni 5 za maktaba, na moja inadai muda wa msomaji uokolewe. Sasa utauokoaje ukiwa umekaa nyuma ya kaunta, unasubiri aliyepotea akufuate?

Najua kuna watakaosema, huyu kaishia fomu siksi, mambo ya chuo yanamhusu nini? Yananihusu sana! Daktari atakayenidunga sindano kesho yuko hapo chuoni leo. Injinia wa daraja nitakalopita na daladala yuko hapo hapo. Sitaki walionunua tasnifu steshenari.

Kwa hiyo mwanangu, leo leo pitia maktaba. Anza na shikamoo kama ni mkubwa, mambo kama ni rika lako, halafu sema wazi unatafuta nini. Jina lake usisahau kuuliza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.