Nyumba Inauzwa, Cheti cha Boila Kiko Wapi?

Ndugu zetu wengi waliofika Uingereza miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamestaafu au wanakaribia kustaafu. Nyumba walizozinunua kwa jasho la zamu za usiku sasa zinaingia sokoni. Wapo wanaorudi Tanga, Mombasa au Unguja, na wapo wanaotafuta nyumba ndogo kwa kuwa watoto wameshajitegemea. Mnunuzi anapatikana, mkopo wake unaidhinishwa, mizigo inaanza kufungwa. Ndipo wakili wa mnunuzi anapoandika kuuliza: cheti cha kufungwa kwa boila kiko wapi? Nyumba nzima inapekuliwa, cheti hakionekani, na mauzo yanasimama.

Tunayoyaandika hapa yanawahusu walio England na Wales, kwani Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Tangu Aprili 2005, kufunga boila mpya ya gesi ni kazi inayopaswa kutaarifiwa chini ya kanuni za ujenzi. Kwa kawaida mwenye nyumba hahitaji kwenda popote. Fundi aliyesajiliwa anaitaarifu kazi hiyo kupitia Gas Safe Register ndani ya siku 30, kaunsili inapata taarifa, na cheti kinafika kwako kwa posta. Gas Safe ilichukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009, hivyo usishtuke ukikuta jina hilo la zamani kwenye cheti cha boila iliyofungwa kabla ya hapo. Wanaotumia mafuta badala ya gesi wana OFTEC, na wenye majiko ya kuni au makaa wana HETAS.

Wanaopangisha nyumba huchanganya cheti hiki na kile cha ukaguzi wa gesi wa kila miezi 12. Kile cha mpangishaji kinasema vifaa vilikaguliwa siku fulani na vilikutwa katika hali gani. Hiki tunachokizungumzia kinasema boila ilifungwa kwa kufuata kanuni za ujenzi. Unaweza kuwa na rundo la vile vya kila mwaka na bado wakili akakwambia karatasi aliyoiomba haimo.

Kwa nini jambo hili linatukuta sisi mara nyingi? Sababu moja ni mazoea tuliyotoka nayo. Nyumbani, hati miliki hufungiwa sandukuni au hupelekwa benki, na mzee haitoi mpaka ajue anamkabidhi nani. Huku England na Wales umiliki umo kwenye rejesta ya HM Land Registry, na nakala yake hupatikana kwa ada ndogo hata kama nyumba imeungua. Tukishajua hati yetu iko salama serikalini, tunadhani kila kitu kiko salama. Lakini rejesta ile haina cheti cha boila, wala cha madirisha, wala cha umeme. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la nyumba ya huku ni hizo karatasi ndogo ambazo kila mwenye nyumba anajiwekea mwenyewe.

Sababu ya pili ni fundi wetu. Tunampata msikitini, kanisani au kwenye harusi. Bei inakubaliwa kwa mdomo, analipwa taslimu, anakunywa chai, anaondoka na dua zetu. Kuaminiana huku ndiko kulikotushikilia ugenini, na hatutaki kukupoteza. Lakini wakili wa mnunuzi hana pa kuiandika imani hiyo kwenye faili lake.

Familia moja ya jumuiya yetu imeturuhusu tusimulie yaliyowapata bila kuwataja. Boila yao iliharibika katikati ya baridi kali, nyumba ina watoto wadogo. Akaitwa fundi wa kufahamiana, akaja jioni, akafunga nyingine, akalipwa. Miaka ikapita, nyumba ikawekwa sokoni. Kwenye fomu TA6, ambayo muuzaji hueleza humo hali ya nyumba yake, sehemu ya mfumo wa joto wakaijaza nusunusu. Maswali yakaja. Mama mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, akapiga simu kaunsili kuuliza kama wana kumbukumbu yoyote ya boila ile. Hawakuwa nayo.

Wakili wao alikuwa amekusudia kukata bima ya upungufu wa hati, ile inayolipiwa mara moja tu na kumkinga mnunuzi endapo kaunsili itachukua hatua. Bima hiyo kwa kawaida haitolewi pale kaunsili inapokuwa imeshaulizwa. Simu ile ikawa imefunga mlango huo. Ikabaki kuomba kaunsili irasimishe kazi iliyokwisha kufanyika: maombi, ada, ukaguzi, na ripoti ya fundi aliyesajiliwa.

Fundi huyo alipofungua na kukagua, alikuta bomba la kutolea moshi halikushikizwa sawasawa kwenye maungio. Akaizima boila palepale mpaka lirekebishwe. Watoto walikuwa wamelala kwenye nyumba ile kwa miaka yote hiyo.

Kisa hiki kinatulazimisha kusema wazi. Bima ya upungufu wa hati ni halali, mawakili huitumia kila siku, na mara nyingi ndiyo huokoa mauzo. Lakini inalinda fedha peke yake. Kama ingepatikana mapema, nyumba ile ingeuzwa pamoja na bomba lake bovu, na familia nyingine ingehamia ikiwa na karatasi safi mkononi. Gesi ya kaboni monoksidi inayoweza kuvuja kwenye bomba kama hilo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, na mtu anadhani ni mafua ya msimu. Msimamo wetu ni kwamba muuzaji asitegemee bima peke yake. Aongeze ukaguzi wa fundi aliyesajiliwa, na ripoti yake aikabidhi kwa mnunuzi. Anayenunua nyumba yako anakuja kulala humo na wanawe.

Kwa ambaye cheti hakionekani, mpangilio wa hatua ndio muhimu. Anza na Gas Safe. Kumbukumbu za kazi zilizotaarifiwa kuanzia Aprili 2005 hutafutwa kwa anwani ya nyumba, na nakala ya cheti hutolewa kwa ada ndogo. Watu wengi suala lao huishia hapo, kwa sababu kazi ilitaarifiwa ila bahasha ilitupwa. Angalia pia kitabu cha maelekezo ya boila. Kurasa za mwisho mara nyingi zina fomu ambayo fundi hujaza namba yake, tarehe na vipimo alivyochukua siku ya kuiwasha. Na kama boila uliikuta ulipoinunua nyumba, mwulize wakili aliyekushughulikia wakati ule kama kuna nakala kwenye faili lake.

Ukikosa kote huko, mwambie wakili wako kabla ya mtu mwingine yeyote, na usiipigie kaunsili mpaka mshauriane. Fomu ya TA6 ijaze kwa ukweli. Kama huna cheti, sema huna. Jibu la uongo linaweza kukufuata mahakamani nyumba ikiwa imeshauzwa na fedha zimeshajenga kwingine.

Usimsikilize pia anayekwambia kwamba mwaka mmoja ukishapita tangu kazi ifanyike kaunsili haina la kufanya. Ushauri huo ulikuwa na msingi zamani, pale notisi ya kumtaka mwenye nyumba arekebishe kazi isiyofuata kanuni ilipokuwa na kikomo cha miezi 12. Tangu Oktoba 2023, kwa kazi za England, muda huo umekuwa miaka 10.

Sasa tuzungumze na mafundi wetu. Anayelipwa kufanya kazi ya gesi bila kusajiliwa Gas Safe anavunja sheria, hata kama mkono wake ni hodari. Tunajua mafunzo na usajili vinagharimu, na tunajua wapo vijana wanaobeba ujuzi mkubwa bila karatasi. Hapo ndipo jumuiya inapopaswa kuingia. Tunachanga kwa misiba na harusi bila kusitasita. Tukimchangia kijana mmoja ada ya mafunzo, tutakuwa na fundi wa kwetu tunayemwamini na ambaye wakili hatamkataa.

Na sisi wateja tuache haya ya kuomba kitambulisho. Kadi ya fundi wa Gas Safe ina picha yake, namba ya leseni na tarehe ya mwisho wa matumizi. Igeuze nyuma usome. Huko zimeorodheshwa aina za kazi anazoruhusiwa, na fundi anayeruhusiwa jiko la kupikia huenda haruhusiwi boila. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao kabla hajafungua mkoba wa vifaa. Fundi mkweli hakasiriki kuulizwa. Kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba ataitaarifu kazi, na siku 30 zikipita huku hujapata kitu, mfuate akiwa bado anakukumbuka na namba yake ya simu haijabadilika.

Cheti kinachotafutwa bila haraka hugharimu kidogo. Kikitafutwa mnunuzi akiwa anatishia kujitoa, hugharimu punguzo la bei, wiki za kungoja, na wakati mwingine nyumba uliyokuwa umeshaipata kwingine. Kwa hiyo anayeuza mwaka huu na anayefikiria kuuza baada ya miaka 10 wana kazi ileile wiki hii: kukitafuta cheti cha boila, na kama hakipo, kumwita fundi mwenye kadi kabla ya kumwita dalali.