Fulu wa Ziwa Letu Wanalelewa Kama Mayai Majuu, Sisi Tunawafanya Chambo

Cheki hii. Kuna buda mahali huko Ujerumani ama Marekani, nje baridi imekwama, na kwa keja yake ako na tanki ya glasi ya lita mia tatu. Hita inakula stima usiku na mchana ndio maji ikae digrii 25. Ndani kuna samaki wa saizi ya kidole chako, dume mwekundu mgongoni, manjano ubavuni, mistari nyeusi imempitia. Huyo buda akisafiri, jirani anaachiwa funguo na maagizo ya kuwalisha. Na hao samaki asili yao ni ziwa letu. Ukitoka Bondo na mathree ya Usenge, binamu zao utawapata bichi wametupwa kwa karai, wakingoja kufungwa kwa ndoano za mbuta.

Wajaluo huwaita fulu. Wabongo wanasema furu. Wanasayansi wako na majina marefu ya Kilatini, na hata wao hubishana juu ya hayo majina. Ukiuliza mtu wa Nairobi samaki wa Lake Victoria ni gani, atakuambia mbuta, omena, tilapia, basi. Fulu hana PR. Lakini kwa wale wasee wa akwariamu duniani, fulu wa Victoria ni kitu rare, kama vile sneaker ya limited edition, tofauti ni kwamba kiwanda kimefungwa.

Ukiingia hiyo game ya akwariamu, utaambiwa mastaa ni samaki malaika wa baharini, wale wa matumbawe wenye rangi ka za matatu mpya. Hata hao wako kwetu. Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza samaki hai wa matumbawe nje kwa miaka mingi, kutoka Shimoni mpaka Kilifi, na kati yao kuna malaika kadogo ka bluu kenye mgongo wa machungwa, Centropyge acanthops. Shida ya malaika ni kuzaa. Jioni dume na jike wanapanda juu kidogo, wanaachilia mayai kwa maji, mayai yanaelea na mawimbi, na kitoto kinachotoka ni kadogo hivi kwamba chakula cha kawaida hakiingii mdomoni. Ndio maana mpaka mwanzo wa miaka ya 2000, wakati Frank Baensch wa Hawaii alifaulu kuwalea hao wadogo wa Centropyge, karibu kila malaika kwa tanki alikuwa ametolewa baharini. Kulea malaika kunataka maabara, doo, na subira ya mtakatifu.

Sasa fulu? Fulu anazalia kwa ndoo ukimpa nafasi. Dume anachimba kashimo kwa mchanga, anajipiga luku, anatetemeka mbele ya manzi. Manzi akikubali anataga, na hapo hapo anaokota mayai yake kwa mdomo. Dume ako na vidoti vya machungwa kwa pezi la chini, vinakaa mayai. Mama anajaribu kuviokota pia, na akifungua mdomo anapata mbegu ya dume. Hivyo ndivyo mayai yanarutubishwa, ndani ya mdomo. Mama anakaa karibu wiki tatu hajala, amefura kidevu ka mtu ako na jino mbovu, halafu anatema watoto wameshakamilika, wanaogelea. Unawapea chakula imesagwa laini na mambo inaenda. Hakuna maabara hapo.

Kwa hivyo swali langu ni hili: kama ni rahisi hivyo, na kama wametoka hapa, mbona wanaozalishwa kwa makini wako Boston na Berlin, na si Bondo?

Jibu linaanza na mbuta. Miaka ya 1920 ziwa lilikuwa la ngege, ile tilapia ya asili. Jina lake la sayansi ni Oreochromis esculentus, na hilo neno la mwisho maana yake ni "wa kuliwa", kwa hivyo unaona vile walimuona. Mwingereza anaitwa Michael Graham alifanya utafiti wa uvuvi 1927 na 1928, akasema ngege ndiye uti wa mgongo wa hii biashara, na akaonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine itakuwa hatari kubwa. Ngege akaendelea kumalizwa na nyavu, wakubwa wakataka samaki mwingine, na miaka ya 1950 mbuta akaingizwa upande wa Uganda. Mwaka wa 1962 na 1963 ikafanywa rasmi, na Kisumu ikapata mgao wake. Tilapia ya Nile pia ililetwa kipindi hicho hicho.

Kwa karibu miaka 20 hakuna kitu ilionekana. Halafu miaka ya 1980 mbuta akalipuka. Watafiti Waholanzi wa Leiden walikuwa Mwanza tangu mwisho wa miaka ya 1970 wakihesabu furu, na mwenzao Tijs Goldschmidt akaja kuandika kitabu juu ya hiyo story. Walikuta ziwa ambalo zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wake ni fulu. Kufikia 1987 hapo Ghuba ya Mwanza nyavu zilikuwa zinatoka na mbuta na omena, fulu karibu hakuna. Ziwa lilikuwa na aina 500 hivi za fulu. Karibu 200 zinahesabiwa zimepotea ama ziko kwa ukingo.

Usinielewe vibaya. Mbuta alilipa karo. Kuna watu wanasoma hii wakiwa na digrii kwa sababu baba alikuwa na boti Uhanya ama Wichlum. Mimi siko hapa kulia ati turudi 1920. Lakini ile bili ya hiyo party ililipwa na fulu, na hakuna mtu aliwauliza.

Na kuna sehemu ya hii story inanishika kuliko mbuta. Wanasayansi wanasema hili ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena. Hiyo ni juzi. Ndani ya hiyo juzi zikatokea aina 500: wa kula mwani, wa kuvunja konokono, wa kula magamba ya wenzake, hata wale wa kunyonya watoto wa wengine kutoka mdomoni mwa mama. Kitu moja iliwatenganisha ni rangi. Jike wa aina hii anataka dume mwekundu, jirani yake anataka wa bluu, na kila mtu anabaki kwa laini yake. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake wakaonyesha kwenye jarida la Science kwamba maji ikichafuka, mwangaza unaisha, jike haoni rangi poa, anachukua yeyote. Aina mbili zinarudi kuwa moja. Hakuna aliyevuliwa, hakuna aliyeliwa, wamepotea tu juu ya matope, mbolea na maji taka yetu. Hyacinth unaiona pale Kisumu kwa macho. Hii huioni.

Ndio miaka ya 1990 akwariamu za Marekani, wakiongozwa na watu kama Les Kaufman wa Boston, wakabeba fulu kadhaa na kuanza kuwazalisha kama akiba. Baadaye vikundi vya wapenzi wa samaki vikajiunga, na 2004 ikaanza CARES, ambapo mtu wa kawaida anaahidi kulea aina moja iliyo hatarini kwa tanki yake na kugawa watoto kwa wengine. Yule mwekundu wa hapo juu anaitwa nyererei, aliandikwa rasmi 1985 kwa heshima ya Mwalimu, mwaka ule ule alitoka ikulu. (Bondo ikipata chance ya kubatiza samaki unajua jina litakuwa gani, wacha hata nisiseme.) Kuna mwingine anauzwa huko kwa jina la Kenya Gold. Kenya Gold! Na wewe mwenye Kenya hujawahi kumuona.

Sasa rudi nyumbani, kwa sababu hapa ndio kuna kitu majuu hawana. Mto Yala ukikaribia ziwa unapita kwa kinamasi, na ndani ya hicho kinamasi kuna vijiziwa: Kanyaboli upande wa Alego, Namboyo ambayo ni kadogo ka kidimbwi kenye kina, na Sare, ambayo iko hapa Bondo karibu na Usenge. Mafunjo yanabana hewa ya oksijeni kwa maji. Mbuta anataka hewa mingi, hawezi vuka hapo akifika salama. Kamongo anapumua hewa ya juu, hana stress. Fulu na ngege wanavumilia. Kwa hivyo mafunjo yamekuwa ka askari wa geti, na nyuma ya geti Kanyaboli ilibaki na ngege wa asili na fulu ambao ziwa kubwa liliwapoteza ama karibu liwapoteze. Watafiti wa Kenya wamekuwa wakisema hivi tangu mwanzo wa miaka ya 2000.

Lakini geti linachezewa. Mwaka wa 2003 mabaraza ya kaunti ya Siaya na ya Bondo, yale ya zamani, yaliwapa Dominion Farms kutoka Marekani sehemu kubwa ya kinamasi kwa mkataba wa miaka 25. Wakalima mpunga, wakafuga tilapia, wakazozana na wanakijiji juu ya maji na ardhi, na 2017 wakafunga virago. Baadaye Lake Agro wakaingia. Mjadala wote unaousikia kwa mikutano ni wa ekari, miwa, mpunga na kazi. Samaki hatajwi. Ukikata mafunjo unapata shamba, sawa, lakini pia umefungulia mbuta mlango. Na tilapia ya Nile, ile inajaa kwa keji zote kuanzia Anyanga kushuka, ikifika kwa ngege inazaa naye, na baada ya vizazi kadhaa uko na samaki anaitwa ngege kwa jina tu.

Vijana wa Bondo wanaingia wapi hapa? Naona wanaingia vizuri kuliko mtu yeyote. Huku huhitaji hita, joto tuko nalo bure. Unahitaji tanki ama hata tangi ya saruji, filta, pampu ya hewa yenye betri kwa sababu stima utaijua tu ikipotea, na nidhamu. Nidhamu ndio ngumu. Majike wa fulu wote wanakaa kijivu-kahawia, huwezi tofautisha, na ukichanganya aina mbili kwa tanki moja watazaliana na umeharibu laini yote. Aina moja, tanki moja, dume mmoja kwa majike kadhaa, na daftari inayosema walitoka wapi na lini. Mnunuzi serious wa hii kitu hanunui rangi, ananunua hiyo daftari.

Na usiruke sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, huwezi kuamka tu ukatuma samaki hai nje ama ukamwaga samaki mgeni kwa maji ya umma. Kuna kibali. NEMA nao wako na kibali cha rasilimali za jeni, na Kenya iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, ambayo kwa lugha ya mtaa inasema: mtu akitumia kiumbe chako kutengeneza doo, na wewe ukule. Hiyo ndio card kubwa tuko nayo na hatujaicheza. Kwa karatasi inakaa poa. Kwa kijana wa Usigu mwenye tanki mbili, safari ya kufuata hivyo vibali inaweza kula faida kabla samaki wa kwanza atemwe.

Hapo ndio naona kaunti na wasomi wametuacha kwa mataa. JOOUST iko Bondo mjini. KMFRI wako Kisumu. Kaunti iko na idara ya uvuvi ambayo kila bajeti inaongea vifaranga vya tilapia. Kama pesa kidogo ya hizo keji ingeenda kwa nyumba moja ya matanki, yenye kibali kimoja cha kikundi, vijana wakalea laini za Kanyaboli na Sare chini ya mwanasayansi, tungekuwa na akiba yetu na biashara juu yake. Bila hivyo, biashara ikiwaka tu, watu watavamia Sare na nyavu za mbu na kuimaliza kwa msimu mmoja. Kule Pwani samaki wa matumbawe wengi bado wanatolewa moja kwa moja baharini, hiyo njia tunaijua inaenda wapi.

Na tusidhani za majuu zitangoja. Samaki aliyezaa kwa glasi miaka 30, kutoka kwa mababu wachache, amekuwa wa glasi. Hajawahi kuona mbuta, hajui kutafuta konokono. Wale buda waliowalea wanazeeka, na mtu akifa tanki zinauzwa na laini inakwisha hapo. Kuwarudisha ziwani pia si mchezo, kwa sababu mbuta bado yuko na maji bado ni chafu. Kwa hivyo walio Kanyaboli na Sare leo wana uzito kuliko wale wote wa basement.

Kama uko bichi wiki hii, angalia karai ya chambo kabla iende. Piga picha ya kila fulu wa rangi tofauti, ubavu wote uonekane, andika bichi na tarehe, uwatumie watu wa KMFRI. Na kama tayari uko na tanki na umechoka nayo, mpe mtu mwingine hao samaki. Usiwamwage Sare.