Kazi za Mikono: Nyaya za Pikipiki na Taa za Vipimo vyake



Katika miji yetu ya Bukavu, Goma na Uvira, na hata katika vijiji vya mlimani ambako motokaa haifiki, pikipiki imekuwa miguu ya jamaa nyingi. Hubeba abiria, magunia ya makaa, wagonjwa na watoto wa shule. Mwenye pikipiki huangalia mafuta, hubadili mipira ya magurudumu, husugua vyuma mpaka ving'ae. Lakini nyaya za umeme hazitazami, kwa kuwa zimefichwa chini ya tangi na nyuma ya taa. Huzikumbuka siku ile taa inapozimika ghafula usiku, katika kona ya mlima, naye amempakia mkewe na mtoto. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi, juma hili tuseme habari ya kufunga nyaya upya, na ya kuzipa vipimo taa zilizo bora.

Kwanza tushike kanuni moja: umeme lazima uende na lazima urudi. Hutoka katika betri, hupita katika waya, huwasha taa, kisha hurudi kwao. Katika pikipiki, njia ya kurudi mara nyingi ni kiunzi chenyewe cha chuma. Watu wengi huchunguza njia ya kwenda tu, na hiyo ya kurudi huisahau. Penye kutu au rangi kati ya waya na kiunzi, umeme hurudi kwa shida, na taa hufifia ingawa betri ni nzima. Ndipo mtu hununua betri mpya, akapoteza fedha yake bure.

Jambo hili laweza kuhesabiwa. Georg Simon Ohm, Mjerumani, mwana wa fundi wa makufuli, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya kale ya Wajesuiti mjini Köln. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1827 alieleza kwamba umeme huongezeka kwa kadiri ya nguvu inayousukuma, na hupungua kwa kadiri ya kizuizi unachokutana nacho. Kizuizi hicho twakipima kwa omu, ambalo ni jina lake. Sasa twaeni taa kubwa ya wati 35 katika pikipiki ya volti 12. Taa hiyo ina kizuizi cha omu 4 na kidogo. Kiungio kibovu kikiongeza omu 1 tu, taa hubaki na wati 23 hivi, na wati 5 na nusu huishia katika kiungio, zikikipasha moto. Mwanga wenyewe hupungua kupita kadiri hiyo, kwa sababu uzi wa balbu usiopata moto wa kutosha hutoa mwanga mwekundu na hafifu. Mmeona basi: omu moja iliyofichika yaiba mwanga wa njia, na tena yapika plastiki ya waya.

Kazi yenyewe huanza kwa penseli. Kabla ya kukata waya hata mmoja, chora njia zote katika karatasi, ukiandika rangi ya kila waya, mahali unapotoka na mahali unapofika. Usitegemee rangi za pikipiki ya jirani, maana kila kiwanda kina desturi yake. Kisha fungua betri, ukianza na upande wa kutoa, na siku ya kurudisha uufunge huo mwisho. Sababu ni hii: ukianza na upande wa kujumlisha, na ufunguo wako ukagusa kiunzi, cheche kubwa itaruka, na petroli i karibu.

Chagua waya wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa uzi mmoja mnene hukatika upesi kwa mtikiso wa injini. Kwa njia kuu itokayo katika betri, unene wa milimita za mraba 2 wafaa. Kwa taa ndogo, 0,75 yatosha. Viungio visisokotwe kwa vidole na kuzungushiwa utepe tu, kwani utepe huachia kwa joto, maji yakaingia. Vibanwe kwa vichwa vya shaba au vilehemiwe, kisha vifunikwe kwa mpira wa plastiki unaojikaza ukipashwa moto. Penye kurudia umeme, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza skrubu, halafu paka grisi juu yake. Nyaya zipite mbali na bomba la moshi. Tena geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto: waya ukivutika, ni mfupi, na siku moja utakatika.

Baada ya hayo, fyuzi. Hiyo ni mlinzi wa nyaya, nayo huwekwa karibu sana na betri. Ukubwa wake haukisiwi, huhesabiwa. Tuseme kwamba vyote vyatumia betri: taa kubwa wati 35, taa ya nyuma 5, ya breki 21, taa mbili za kugeukia 20, honi 18, vipimo 7. Jumla ni wati 106. Gawanya kwa volti 12, utapata karibu ampea 9. Basi fyuzi ya ampea 10 yafaa. Ikikatika, tafuta sababu kwanza. Wako watu wanaoweka mahali pake kipande cha waya au karatasi ya fedha ya sigara. Pikipiki hutembea, ndiyo. Lakini siku waya utakapogusa kiunzi, hakuna kitakachokatika ila waya wenyewe, ukiwaka mwekundu chini ya tangi la petroli. Fyuzi ni ya bei ndogo. Pikipiki ni shamba la jamaa nzima.

Sasa twaja kwenye taa za vipimo. Ni ndogo, lakini ndizo zinazosema na dereva gizani: mwendo ni kiasi gani, gia imeingia au haijaingia, taa ya mbali inawaka na kumpofusha ajaye mbele. Balbu za zamani za uzi hula kama wati 1,7 kila moja. Balbu mpya za LED hula kama wati 0,3, hazipati moto sana, na hustahimili mtikiso. Ni badiliko jema, lakini angalieni mambo matatu.

La kwanza: LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Isipowaka, igeuze. Hata hivyo, pikipiki nyingi zina taa moja tu ya kuonyesha kugeuka, iliyofungwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto. Hapo umeme huja mara huku, mara huku, na LED ya kawaida itawaka upande mmoja tu. Mahali hapo iacheni balbu ya zamani.

La pili: katika pikipiki nyingi ndogo, taa hupata umeme moja kwa moja kutoka injini, nao ni mkondo geu, wa kwenda na kurudi mfululizo. Fungua ufunguo na swichi ya taa bila kuwasha injini. Taa za vipimo zikiwaka, zatumia betri, na LED yafaa. Zikiwaka tu injini inapozunguka, LED itapepesa na pengine kufa mapema.

La tatu: msitafute mwanga mwingi. Jicho lililozoea mng'ao wa karibu halioni shimo wala mtembea kwa miguu aliye mbali. Taa ya kipimo yatosha ikisomeka kwa kutupa jicho mara moja. Chagueni mwanga laini, wenye kuelekea manjano, si mweupe wa kuchoma.

Na ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Baba amesahau ufunguo umefunguliwa saa 2 za usiku. Betri yake imejaa, ni ya ampea-saa 5, na balbu 4 za vipimo, za wati 1,7 kila moja, zawaka peke yake. Betri itakwisha saa ngapi? Gawanyeni wati kwa volti, mpate ampea. Kisha gawanyeni 5 kwa ampea hizo. Mtaona kwamba imekwisha kabla ya saa 11 alfajiri, na baba ataisukuma pikipiki kwenda kazini. Kwa LED 4 ingedumu saa 50. Mkiisha kupata jibu, mwonyesheni baba karatasi yenu, kisha shikeni tochi, mkachungulie pamoja naye chini ya tangi.