Ngoma ndani ya chipu: mkono ni wa nani?

Ukipita maharusini siku hizi, tangu Mtwapa hadi Mambrui, utasikia ngoma usimwone mpigaji. Kinanda kimewekwa juu ya meza, kijana kabonyeza kidude, na ngoma inalia yenyewe hadi usiku wa manane. Wazee huguna, vijana hucheza. Mimi niliye baina ya hao na hawa nilipata la kufikiri juma lililopita, katika kibanda cha fundi redio hapa Malindi.

Fundi alikuwa amefungua LinnDrum, mashine kuukuu ya ngoma iliyotoka Marekani mwaka 1982, kazi ya Roger Linn. Miaka miwili kabla yake, bwana huyo alitoa LM-1, ambayo sauti zake zilikuwa za ngoma za kweli. Mtu alipiga ngoma, sauti ikageuzwa tarakimu, na tarakimu zikawekwa ndani ya chipu. Chipu zenyewe hazikulehemiwa, bali zimechomekwa katika soketi. Basi zaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine.

"Ami, tazama," akaniambia. Alichomoa waya wa umeme, akaingiza bisibisi bapa chini ya chipu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, hata ikatoka bila kupinda miguu. Akachomeka nyingine, alama yake ya pengo ikielekea kule kule ilikoelekea ya kwanza, kwani ukiigeuza yaweza kuungua. Akawasha. Palipokuwa pakilia ngoma ya Marekani, pakalia chapuo!

Sauti ile aliirekodi kwa mzee mmoja wa upande wa Ganze, kisha akaiandika katika chipu kwa kompyuta.

Akanionyesha kidirisha cha kioo juu ya chipu. Kikipigwa na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, yaliyoandikwa ndani hufutika, nayo chipu huandikwa upya. Ndiyo sababu kidirisha hubandikwa karatasi, mwangaza wa jua usije ukaila sauti kidogo kidogo.

Hapo nikakumbuka ubao wa chuoni. Tuliandika aya kwa kalamu ya mwanzi, tukaisoma, kisha tukauosha ubao tukaandika nyingine. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuosha kabla hajasoma mbele ya maalimu na aya ikamkaa kifuani. Ubao ulikuwa njia tu. Hifadhi ilikuwa moyoni.

Chipu nayo ina ufinyu wake. Chukua ile ya namba 2764, iliyotumika sana miaka hiyo: ina nafasi 8,192. Mashine ikisoma nafasi 28,000 kwa sekunde, sauti imekwisha kabla ya theluthi ya sekunde. Pigo moja la chapuo laenea humo, lakini mvumo wa vumi hukatwa mkia. Tena pigo ni lile lile daima, ilhali mpigaji hubadili kiganja kwa vidole, kati kwa ukingo, huku akiitazama miguu ya mchezaji.

Je, fundi amekosea? La. Taarabu yetu ilipokea udi, fidla na kinanda, na vyote vikawa vyetu kwa kuwa mikono yetu ndiyo iliyoviongoza. Wala jambo hili si mchezo wa mtoto. Katika miaka ya 1980, vijana wawili wa California walianza kwa kuuza chipu za sauti za mashine iitwayo Drumulator, kwa jina la Digidrums. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Digidesign, waliotoa Pro Tools, programu iliyoenea katika studio za dunia nzima. Sauti ni mali.

Basi nikamuuliza: yule mzee ulimpa nini?

Akainama. "Nauli, ami, na kilo mbili za sukari."

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Yataka jamii iombwe ridhaa kwanza, na imezipa kaunti kazi ya kuandikisha mali hiyo. Mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila za kaya za Mijikenda katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Karatasi si haba. Lakini karatasi haiendi Ganze kwa miguu yake. Sharti mtu aipeleke. Kama mafundi na maofisa wa utamaduni hawaendi pamoja, mzee atabaki na sukari, na ngoma yake itauzwa na asiyemjua.

Fundi alichukua kalamu, akaandika jina la mzee na kijiji chake juu ya ile karatasi ya kidirisha. Jumamosi tutakwenda naye Ganze, tumsikilizishe mzee sauti yake na kumwuliza kama aridhia, na kwa malipo gani. Akikataa, ubao utaoshwa.